Je, Watu wa Nchi Nyingine Wanapenda Usafi Kuliko Sisi?



Mkulima wa skimu apelekapo kabichi au viazi Nairobi, na lori likashusha mizigo yake Kawangware, hurudi nyumbani na habari mbili. Ya kwanza ni bei. Ya pili ni uchafu. Atawaambia jirani zake kwamba pale Kawangware 56 amekanyaga tope lililochanganyika na maganda ya ndizi, majani ya kabichi na mifuko ya nailoni, na kwamba mtaro ulikuwa umeziba hata maji yakapita miguuni mwa watu wanaouza vyakula. Kisha atamaliza kwa kusema, "Watu wale wanapenda uchafu. Ng'ambo mambo kama yale hayapo." Na wanaomsikiliza huitikia.

Neno hili twalisikia kila mahali, hata vinywani mwa watu waliosoma. Mwezi huu nawaomba tulipime pamoja, kwa maana mtu akiliamini hupata udhuru wa kutofanya lolote. Ikiwa uchafu ni tabia ya taifa, kama vile urefu au rangi ya ngozi, basi kazi iliyobaki ni kunung'unika tu. Mimi nadhani si kweli. Nadhani mtu wa Kawangware, mtu wa Kigali na mtu wa Berlin wana moyo ulio karibu sawa katika jambo hili, na tofauti kubwa tunayoiona yatokana na kile walichowekewa mbele yao: kama pana mahali pa kuweka taka, kama pana mtu wa kuiondoa, na kama kuitupa ovyo kutamgharimu mtupaji kitu.

Tuanze pale pale Kawangware. Mama mmoja amepanga chumba. Hana ua, hana shimo, hana bustani. Wewe katika skimu, ganda la ndizi wampa mbuzi, majivu wayapeleka shambani, na kilichobaki chaingia shimoni nyuma ya nyumba. Mwenye ekari tano aweza kuwa mtu safi bila kujitahidi sana. Yule mama hana mbuzi. Hutia taka yake katika mfuko, akangoja vijana wa kikundi wapite na mkokoteni, akawalipa. Wiki asiyokuwa na pesa, mfuko ule hauna budi kwenda mahali fulani, nao huenda usiku. Lori kubwa haliwezi kupenya vichochoro vile. Na hata taka ikikusanywa, yapasa ivuke mji mzima kutoka magharibi mpaka mashariki, hadi Dandora, mahali palipofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa pamejaa mwaka 2001. Na miaka mingi baada ya kutangazwa hivyo, malori yalikuwa bado yakipanga mstari hapo.

Kibera nayo ni hivyo hivyo, na shida yake yaongezwa na vyoo. Jina la mahali pale lilitolewa na Wanubi, askari waliokalishwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na katika lugha yao maana yake ilikuwa msitu. Ndiyo, msitu. Upande wa chini wa mtaa, penye Mto Ngong, lilijengwa Bwawa la Nairobi mwaka 1953, na watu wa mjini walikuwa wakienda kuendesha mashua za tanga pale. Miaka mingi sasa limefunikwa na magugu maji na tope linaloletwa na mto. Katika Kibera nyumba nyingi hushirikiana choo kimoja, au mtu hulipa shilingi kadhaa kila aingiapo, na usiku choo kiko mbali na njia ina hatari. Kwa hiyo watu walikuwa wakitumia mfuko wa nailoni na kuutupa. Jambo hili mmelisikia likisimuliwa kama kichekesho. Kwa mama mwenye binti wa miaka kumi na miwili, saa nane za usiku, si kichekesho.

Sasa mchukue Mjerumani mwema, mtu wa kutenganisha karatasi na chupa na maganda kila kimoja katika pipa lake, umpangishe chumba Laini Saba. Umnyime pipa. Umnyime lori. Umwambie choo kiko mbali, na kila safari alipe. Nadhani kabla ya mwaka kwisha atakuwa akitenda watendavyo jirani zake, na barua zake za kwenda kwao zitajaa malalamiko juu ya uchafu wa wenzake.

Wala sisemi haya kwa kubuni tu. Liko jambo moja ambalo sisi wenyewe tumelitenda vizuri miaka na miaka bila kujisifu: ni chupa ya soda ya kioo. Nani kati yenu huiona imetupwa mtaroni? Mtoto akitumwa dukani hupewa chupa tupu aende nayo, na akiivunja njiani ajua yatakayompata. Chupa hukaa chini ya kitanda miezi mitatu ikingoja kurudishwa. Hakuna mhubiri aliyekuja kutufundisha kupenda chupa. Twajua tu kwamba ndani ya chupa tupu zimo shilingi zetu, na kwamba mwenye duka hana budi kuipokea, kwa kuwa lori lililoleta kreti zilizojaa ndilo litakaloondoa kreti tupu.

Ujerumani wameyatia mambo hayo hayo katika sheria, na kuyapeleka mbele zaidi. Tangu mwaka 2003 mtu anunuaye kinywaji katika kopo au katika chupa ya plastiki ya kutumiwa mara moja hulipa senti 25 za yuro juu ya bei, yaani zaidi ya shilingi 30 za kwetu, naye hurudishiwa akipeleka chupa dukani. Leo zaidi ya chupa 95 katika kila 100 hurudi. Na zile zinazoachwa katika viwanja na vituo vya treni huokotwa na maskini wa mji ule, wazee wenye mifuko mabegani, kama vile vijana wetu waokotavyo vyuma. Mgeni akishuka Berlin na kuona njia ni safi husema, "Wazungu wana nidhamu." Angalisema, "Wazungu wana senti 25," angalikuwa karibu zaidi na ukweli. Sisi tulipoletewa chupa ya plastiki isiyo na amana yoyote, tuliitupa mara moja. Mnywaji ni yule yule, na kiu ni ile ile.

Lakini habari inayofundisha kuliko zote ni ya mifuko ya nailoni, kwa kuwa hapa twaweza kulinganisha nchi jirani, zenye watu wa namna moja na masoko ya namna moja, ambazo zilikuwa na mfuko ule ule, na kila moja ikafanya lake.

Rwanda ilitunga sheria mwezi wa Septemba mwaka 2008: kutengeneza mifuko ya nailoni, kuiingiza, kuiuza na kuitumia, yote marufuku. Haikuishia katika maandishi. Abiria alifunguliwa mzigo mpakani na katika uwanja wa ndege, na nailoni ikaondolewa hata kama ilikuwa imefungia viatu tu. Tena wana desturi ya umuganda, iliyowekewa sheria mwaka 2007: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu wazima wenye nguvu hutoka asubuhi kufanya kazi za jumuiya, kufyeka, kuzibua mitaro, kutengeneza njia, na asiyetoka bila sababu aweza kutozwa faini. Mwaka huo wa 2008 mji wa Kigali ulipewa tuzo na UN-Habitat kwa ajili ya usafi na maendeleo yake. Wenyeji wa Nairobi wanaofanya biashara kule huwasifu Wanyarwanda kwa tabia yao njema. Lakini tazameni jambo hili: Mkenya yule yule wa Kawangware, apandapo basi kwenda Kigali, hutoa nailoni zote katika mzigo wake kabla hajafika mpaka. Hakubadilika moyo njiani. Amebadilishiwa mahali.

Uganda nayo ilikataza mifuko myembamba, ile waiitayo kavera, katika sheria ya fedha ya mwaka 2009. Sheria ilikuwapo, na amri zikarudiwa mara kadhaa katika miaka iliyofuata, lakini viwanda viliendelea, na masoko yakaendelea kufungia nyanya katika kavera. Je, tutasema Mganda apenda uchafu kuliko Mnyarwanda, na mpaka baina yao ni njia moja tu pale Katuna? Itakuwa hesabu ya ajabu. Mganda aliambiwa "usitumie" na dukani akapewa. Mnyarwanda aliambiwa "usitumie" na dukani hakuona.

Sisi Kenya tumepita njia zote mbili. Mwaka 2007 ilikatazwa mifuko ya unene wa chini ya maikroni 30. Haikufua dafu, kwa maana nani sokoni aweza kupima maikroni? Mwaka 2011 ikajaribiwa tena, safari hii maikroni 60, na mambo yakawa yale yale. Halafu ikatolewa ile amri iliyotangazwa Februari 2017 na kuanza kazi tarehe 28 Agosti 2017: mifuko yote ya kubebea ya nailoni, iwe minene au myembamba, marufuku, na adhabu ni faini ya shilingi milioni 2 mpaka milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja mpaka minne, au vyote viwili. Watu wengi walisema adhabu ni kali kupita kiasi, na mimi sioni kama walikosea, kwa kuwa muuza mboga mwenye mtaji wa shilingi elfu moja hana njia ya kulipa milioni mbili. Lakini madukani mifuko ile ilikoma karibu siku moja. Watu walewale waliosemwa kwamba hawafundishiki walianza kwenda sokoni na vikapu, na vyondo vya bibi zao vikatolewa darini.

Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilikuwa imekwisha kataza tangu mwaka 2006. Waliona makali yetu wakachagua njia nyingine kwa mtu mdogo: akutwaye na mfuko alipe shilingi 30,000 mpaka 200,000 za kwao au afungwe siku zisizozidi saba, na adhabu kubwa ziwaangukie watengenezaji na waingizaji. Kwa maoni yangu hiyo ni akili zaidi, kwani faini ambayo askari aweza kuitoza kweli hutisha kuliko faini kubwa ambayo kila mtu ajua haitalipwa.

Tena mpaka haulali. Ile nailoni nyembamba iangazayo, ya kufungia sukumawiki iliyokatwakatwa, imeonekana tena katika masoko ya Nairobi, Kawangware ikiwamo, ikipenya kutoka nchi jirani kwa njia za panya. Nchi moja ikilegea, jirani yake hupata taabu. Na Kibera palisikika wasiwasi ambao Kigali haikuusikia wala Berlin: mfuko ukiondoka, na choo hakijaletwa, usiku tutatumia nini? Amri moja haina uzito mmoja kila mahali. Ni rahisi kumwambia mtu aache kitu. Yapasa pia kumwambia ashike nini badala yake.

Kwa nini mkulima wa skimu ahangaike na mfuko wa mjini? Muulizeni yeyote mwenye ng'ombe kando ya miji. Wachinjaji wamepasua matumbo na kukuta nailoni zimeviringana kama mpira wa watoto. Ng'ombe aliyemeza nailoni nyingi hukonda huku analishwa, maziwa yapungua, na hakuna dawa ya chupa itakayomponya; ni kupasuliwa na daktari wa mifugo au kisu cha buchani. Na maji nayo yana safari ndefu. Mto Nairobi hutoka katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukapita upande wa Kawangware, ukapokea maji ya Mto Ngong yaliyopita Kibera, ukaingia Athi, na Athi ikawa Galana, na mwisho ukaingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Wenzetu wa skimu ya Magarini, iliyoanzishwa mwaka 1978, wanakaa jirani na mwisho wa mto huo. Kilichotupwa mtaroni Kawangware chaweza kufika kwao.

Haya, lakini je, si kweli kwamba mtu tajiri hujali mazingira kuliko maskini? Wataalamu wengi walidhani hivyo zamani. Walisema mwenye njaa hana nafasi ya kufikiri juu ya miti. Mwaka 1992 shirika la Gallup la Marekani liliuliza watu wa nchi 24, nyingine tajiri na nyingine maskini, Nigeria, India na Ufilipino zikiwamo. Wasiwasi wa watu wa nchi maskini juu ya uharibifu wa mazingira haukuwa mdogo kuliko wa matajiri. Na walipoulizwa juu ya mahali pao wenyewe, maji wanayokunywa, hewa na uchafu wa mtaani, maskini ndio waliolia zaidi. Yafaa wale waliosema "watu wale wanapenda uchafu" wayaangalie majibu hayo. Anayekaa kando ya mtaro uliooza hahitaji kuelezwa ubaya wake, kwa maana yeye ndiye mwenye mtoto anayeharisha. Mvua kubwa za Aprili na Mei 2024 zilipofurika Nairobi, waliopoteza nyumba na watu wengi zaidi walikuwa wakazi wa kando ya mito, wala hawakuhitaji mtu wa kuwaambia kwamba mto ulioziba ni hatari.

Tena yapasa tuulize, usafi ni nini hasa? Japani yasifiwa ulimwenguni kote. Watoto wao hufagia madarasa yao wenyewe, na mashabiki wao wa mpira huokota taka uwanjani baada ya mchezo. Walifanya hivyo Ufaransa mwaka 1998 na Qatar mwaka 2022. Ni jambo zuri, nami nalisifu. Ila watoto wa shule zetu za vijijini wamefagia madarasa na viwanja tangu shule zilipoanza, wala hatujaona picha zao katika magazeti ya dunia. Na nchi hiyo hiyo ya Japani ni mojawapo ya nchi zinazotumia plastiki nyingi sana za kufungia vitu kwa hesabu ya kila mtu, na maduka yake yalianza kulazimishwa kutoza pesa kwa mfuko wa plastiki tarehe 1 Julai 2020, karibu miaka mitatu baada ya sisi kuukataza kabisa. Njia zao ni safi kwa kuwa taka yao yaondolewa upesi na kuchomwa katika majoko makubwa, wala si kwa kuwa ni kidogo.

Moshi nao ni taka, ingawa hauonekani mtaroni. Ile hewa ya kaboni inayotia dunia joto, Mmarekani mmoja kwa wastani hutoa zaidi ya tani 13 kwa mwaka. Mkenya hatoi hata nusu tani. Mkazi wa Kawangware atembeaye kwa miguu kwenda kazini, anayekaa gizani umeme ukikatika, na anayetengeneza kiatu mara nne kabla hajakiacha, yeye kwa hesabu hiyo ni mtunzaji mkubwa wa dunia. Hakuchagua, ni kweli. Umaskini ndio uliomchagulia. Basi ikiwa hatumsifu kwa kile alicholazimishwa na umaskini, tusimlaumu pia kwa kile alicholazimishwa na ukosefu wa pipa.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alikwenda Japani mwaka 2005 akakutana na neno lao, mottainai. Maana yake ni ule uchungu aonao mtu kitu chenye faida kikipotezwa bure. Alilipenda sana, akalieneza katika nchi nyingi. Nami nikisikia neno hilo nafikiri kwamba wazee wetu waliosema usitupe mbachao kwa msala upitao wasingehitaji mkalimani.

Sasa nirudi kwako wewe, ndugu mkulima, maana mpaka hapa tumekuwa tukiyatazama ya wengine. Ile taka uliyoikanyaga Kawangware ilitoka wapi? Zaidi ya nusu ya taka ya Nairobi ni vitu vya kuoza: majani, maganda, mabua, matunda yaliyopondeka. Ilikuja mjini juu ya lori, na baadhi yake juu ya lori lako. Kabichi huchukuliwa shambani na majani yake yote ya nje, ikapelekwa safari ya saa nne, na muuzaji pale sokoni huyabandua na kuyaacha chini, kwa kuwa mnunuzi hayataki. Mahindi mabichi huenda na maganda yake, ndizi na mikungu yake. Umelipa nauli ya lori kupeleka chakula cha ng'ombe wako kikawe uchafu wa mtu mwingine, huku ng'ombe nyumbani akingoja nyasi, na shamba likingoja mbolea. Nawaambia wazi, sioni mantiki yake. Acheni majani mawili matatu ya kukinga kabichi isichubuke njiani; mengine yabanduliwe shambani, ng'ombe ale, na yasiyolika yaende katika shimo la mboji.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni chupa za dawa. Nendeni mkatazame kingo za mifereji na vijito vya skimu zenu. Mtaona chupa za dawa za wadudu, za magugu na za ukungu, zimetupwa pale pale mtu alipojaza bomba, kwa kuwa ndipo maji yalipo. Nyingine zachomwa pamoja na takataka za nyumbani na moshi wake waingia jikoni. Nyingine, na hili ndilo baya kuliko yote, zaoshwa na kutiwa mafuta ya taa, au maziwa. Tukiwa na hayo kwenye mifereji yetu, twapata wapi kinywa cha kumcheka mtu wa Kawangware? Chupa moja yenye masalio ya dawa ni mbaya kuliko gunia zima la maganda ya ndizi.

Angalieni Brazil, nchi ya wakulima, wenye shida zao nyingi na wala si malaika. Mwaka 2000 walitunga sheria juu ya vyombo vya dawa za kilimo. Mkulima, akisha tumia dawa, hana budi kukisuuza chombo na kukirudisha katika muda wa mwaka mmoja tangu kukinunua. Muuzaji hana budi kumwandikia katika stakabadhi mahali pa kukirudisha. Mtengenezaji wa dawa hana budi kuja kukichukua na kukimaliza kwa njia ya salama. Kazi ilianza kwa nguvu mwaka 2002, na leo zaidi ya vyombo 90 katika kila 100 vya plastiki vilivyogusana na dawa hurudishwa. Mkulima wa Brazil alikuwa akitupa mtoni kama sisi. Hakupewa hotuba nzuri kuliko zetu. Alipewa anwani ya kurudishia, na aliyeandikiwa kuja kuchukua akaja.

Kwetu sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 imekwisha weka msingi kwamba mwenye kutengeneza au kuingiza bidhaa ana jukumu la taka itokanayo nayo. Ni msingi mzuri. Lakini msingi si nyumba, na skimu ikikaa kungoja mtu wa kampuni aje mwenyewe kubisha hodi, itangoja sana. Chama cha ushirika kinachonunua dawa kwa jumla kina nguvu ambayo mkulima mmoja hana: chaweza kumwambia muuzaji, tutanunua kwako ukikubali kuchukua chupa tupu gari lako likirudi. Chaweza kutoza amana ya shilingi 20 kwa kila chupa na kuirudisha chupa ikirudi, kama vile mwenye duka wa soda. Nami ningependa amana hiyo iamuliwe na wanachama wenyewe mkutanoni, kwani ikiletwa kama amri itaonekana kama ushuru mwingine.

Tahadhari moja. Msifungue ghala la chupa kabla ya kupatana na atakayeziondoa. Ghala lisilo na lori la kuondoa ni Dandora ndogo, na baada ya mwaka mtu atasema wakulima wa skimu fulani wanapenda uchafu.

Wakati mkitafuta mapatano hayo, kila mmoja aweza kuanza na hili. Chupa ikiisha, itie maji kiasi cha robo, ifunge, itikise vizuri, na maji yale uyamimine ndani ya bomba pamoja na dawa uliyochanganya, usiyamwage chini. Fanya hivyo mara tatu. Dawa ile uliinunua kwa pesa, na mara hizo tatu zakuokolea sehemu yake ambayo ungeitupa. Kisha itoboe chupa chini kwa msumari, isipate kutumiwa na mtu mwingine, na uiweke mahali pa kufungwa, mbali na watoto, na mbali na chakula cha mifugo.

Katika mkutano ujao wa kamati ya skimu, mmoja wenu na asimame aulize: chupa ya dawa iliyokwisha yarudi kwa nani? Kama duka la ushirika halina jibu, yafaa jibu lipatikane kabla ya mvua ndefu, kwa maana ndipo dawa za ukungu wa viazi zinaponunuliwa kwa wingi, na ndipo mifereji hujaa.